Dengu haziachwi mezani usiku kucha

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba humusi, yaani rojo la dengu na ufuta, ninayokula asubuhi huwa nimeitia mtindi na karoti zilizochacha, ili iwe na bakteria hai. Kisha nikaendelea na habari za kukinga unga usiingie dudu, ambazo ndizo nilizodhani zingewashughulisha. Kumbe wasomaji mmebaki palepale kwenye humusi. Barua zimetoka Tabata, Kisauni, Mwanza, Maskati, na moja kwa jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Tanga, ambaye angeweza tu kubisha hodi. Nimechukua chache, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu ina hatari ndani yake.

*Shikamoo Mwalimu. Mume wangu alipewa dozi ya antibayotiki kwa kidonda cha mguu, tumbo likamvurugika. Wifi yangu aliyeko Dubai akanitumia video: dengu zilizochemshwa zinasagwa, zinatiwa maji ya mtindi, bakuli linafunikwa na kuachwa mezani siku mbili ili lichache. Nimefanya hivyohivyo. Siku ya pili imeumuka, ina vitundu, na inanuka kitu nisichokijua. Ndiyo imeshakuwa nzuri, au niimwage? Na hiyo tahini, ufuta uliosagwa unaotiwa humo, kikopo kimoja kinakula pesa ya mboga ya siku tatu. — Mama Pacha, Tabata*

Marahaba mwanangu, na mpe pole baba watoto. Imwage. Usiionje ili kuhakikisha, na usiwape kuku.

Nasema kuku kwa sababu mimi niliwapa. Ilikuwa Februari, joto la Tanga unalijua, nami nimerudi karibuni kutoka Maskati nilikokaa miaka sita, kichwa kimejaa ujuzi. Nikasaga dengu, nikatia maji ya mtindi vijiko viwili, nikafunika kwa kawa, nikalala. Asubuhi kawa limeinuka. Nikajipongeza. Kufunua, harufu ikanirudisha nyuma hatua mbili. Nikaona hasara kutupa, nikapeleka uani. Kuku wakadonoa mara moja, wakanitazama, wakaenda zao kuparura takataka. Nimefundisha sayansikimu miaka ishirini na saba, na siku ile nikafundishwa na matetea.

Kilichotokea kwako na kwangu ni hiki. Kuchemsha dengu huua bakteria walio wengi, wema kwa wabaya. Lakini wako wabaya wenye mbegu ngumu zisizokufa kwa maji yanayochemka, mmojawapo ni yule wa wali uliolala, Bacillus cereus. Mbegu hizo zikikuta chakula laini, chenye maji, kisicho na ukali wowote, katika chumba cha nyuzi 30, zinaamka na kuzaana. Ni kweli maji ya mtindi huleta bakteria wema, ila rojo la humusi ni zito. Wema hawajafika upande wa pili wa bakuli, wabaya wameshaanza karamu. Tena sumu moja ya huyu Bacillus haivunjwi na moto, kwa hiyo hata ukiipasha upya hujajiokoa.

Karoti ndani ya maji ya chumvi ni habari nyingine. Hewa haiingii, chumvi inawabana wabaya, na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao tayari wanakaa kwenye ganda la karoti, wanashika usukani na kutoa uchachu haraka. Uchachu hupimwa kwa namba ya pH: maji matupu ni 7, na namba ikishuka ukali unapanda. Chini ya 4.6 hata yule mdudu wa sumu ya botulizimu, anayependa mahali pasipo hewa, hawezi kuota. Dengu zilizopikwa ziko juu ya 6. Ndiyo maana mimi nachachusha vile vinavyojua kuchacha, dengu nazipika, halafu nawakutanisha wakiwa wamepoa. Hiyo ndiyo siri yangu yote, mengine ni mikono.

Anza na chupa, siku tano kabla. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe kabisa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui bakteria wa kuua, ndiyo maana hayatumiki mabichi. Koroga humo gramu 15 za chumvi. Kama huna mizani, ni vijiko vya chai viwili na nusu vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu. Chukua karoti tatu za wastani, zioshe bila kuzimenya, uzikate vipande kama kidole, na punje nane za kitunguu saumu. Zipange kwenye chupa ya jamu iliyooshwa kwa maji moto, mimina maji ya chumvi mpaka yazifunike, kisha bonyeza kwa kitu chochote kisafi ili pasiwe na kipande kinachochungulia juu. Mimi natumia kibilauri kidogo cha kahawa. Kifuniko kikae bila kukazwa. Weka sahani chini, kwa sababu siku ya pili itaanza kutema.

Kwa joto la Dar au Tanga siku nne au tano zinatosha. Aliyeko Njombe mwezi wa Juni ahesabu siku kumi au zaidi. Utaona viputo, maji yatakuwa na ukungu kama maji ya mchele, na harufu itakuwa kali ya kupendeza, ile ya achari. Onja. Ikikukunja uso kidogo, kaza kifuniko, peleka kwenye friji.

Mtindi ni kazi ya usiku mmoja. Maziwa ya ng'ombe wa jirani lazima yachemke kwanza, maana maziwa mabichi hubeba kifua kikuu na brusela. Yapoe mpaka kidole chako kivumilie kukaa ndani ukihesabu kumi, utie vijiko viwili vya mtindi wa jana kwa kila lita, ufunike, uvingirishe sufuria kwa kanga mbili. Yakikaa saa sita mpaka nane yameganda. Ukinunua dukani, soma pakiti: mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda hauna tena kilicho hai, hata uwe mtamu namna gani. Ule uliogandishwa nyumbani uchuje kwa kitambaa safi ndani ya friji usiku kucha. Lita moja inanipa kama gramu 400 za mtindi mzito, ule ambao majirani zangu wa Maskati waliuita labna, na yale maji ya manjano yanayodondoka usiyamwage. Nitayarudia chini.

Sasa dengu. Gramu 250 kavu, zilale kwenye maji saa 12, mwaga maji hayo, zichemshe kwenye maji mapya. Dengu zetu za kahawia za Shinyanga na Simiyu ni ndogo na ganda lake ni gumu kuliko zile nyeupe kubwa za maboksi, kwa hiyo nazipa saa moja na nusu mpaka mbili, na zikiwa nusu ya kuiva nazisugua kwa viganja ndani ya maji ili maganda yaelee niyaopoe. Magadi kidogo, robo ya kijiko cha chai, huzilainisha haraka. Yakizidi, humusi itanuka sabuni, na tena magadi hupingana na uchachu tunaoutafuta. Zimeiva pale ambapo punje ikibanwa kati ya kidole gumba na ulimi inayeyuka.

Wengi hukosea hapa. Dengu husagika vizuri zikiwa za moto, bakteria hai hutaka ubaridi, na mtu anachagua kimoja anapoteza kingine. Wewe fanya kwa zamu mbili. Saga dengu za moto na tahini, ndimu mbili, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, na maji ya kuchemshia kidogokidogo. Chumvi ngoja. Rojo likishakuwa laini, limwage kwenye sinia pana, litandaze liwe jembamba kama la vileja, lipoe haraka, kisha liingie friji. Usilipe zaidi ya saa mbili nje, na siku za joto kali saa moja. Likiwa baridi, ndipo unatia labna vijiko vinne vya kulia, karoti zilizochacha nusu kikombe ulizozisaga au kuzikwangua, punje tatu za kile kitunguu saumu, na vijiko viwili vya maji ya chupa. Koroga kwa mwiko. Onja chumvi sasa, maana chupa imeshaleta yake.

Tahini nayo isikuumize roho. Sisi ndio tunaolima ufuta, magunia yanatoka Lindi na Mtwara kwenda nje, halafu tunanunua kikopo kilichosafiri. Chukua ufuta mweupe gramu 150, uchague mawe, uukaange kwa moto mdogo ukikoroga bila kuondoka. Ukianza kurukaruka na kunukia, epua. Ukiwa wa kahawia umechelewa na utakuwa mchungu. Saga na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti. Kama umeme umekatika, kinu na mchi vipo, ila mafuta utie mwishoni na uite msaidizi.

Na mgonjwa wako: humusi hii ni chakula, haitibu kidonda wala haichukui nafasi ya dozi. Amalize vidonge alivyoandikiwa. Ale humusi saa mbili au tatu mbali na vidonge, kwa sababu antibayotiki haziwaoneshi huruma bakteria wema pia. Kuna jambo la ziada ambalo wauza dawa wengine husahau kusema: doksisaiklini na siprofloksasini hushikana na kalsiamu ya maziwa na kupungua nguvu. Muulize mfamasia jina la dawa yake. Ikiwa ana maradhi yaliyoshusha kinga ya mwili, amuone daktari kabla ya kula chochote chenye bakteria hai, hata changu. Na kama kuharisha kumekuwa kwingi au kuna damu, hiyo si barua ya gazetini, nendeni hospitali leo.

*Mwalimu, salamu kutoka Kisauni. Nilifuata maelezo yako ya mwezi jana, nikachemsha ndengu nikasaga, ikatoka rangi ya kijani kama dawa ya mswaki. Wanangu wamekataa. Nilikosea wapi?*

Hukukosea wewe, tumekosea sisi na mpaka. Kwenu ndengu ni zile za kijani ambazo sisi huku tunaziita choroko. Dengu zetu ndizo zinazosagwa unga wa bajia. Nenda kwenye duka la nafaka la Wahindi uulize kabuli chana, hutarudi na kijani tena. Ulichopika hakina ubaya wowote, kitie nazi na kitunguu uwape na chapati, hawatajua. Ila humusi hakiwezi kuitwa, maana neno lenyewe kwa Kiarabu ndilo jina la dengu.

*Naomba kuuliza, hiyo humusi yako ni probayotiki ya kweli au ni jina la kupamba? Ina bakteria wangapi kwa kijiko? — Msomaji, Mwanza*

Swali la mtu aliyesoma. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikutana Córdoba, Argentina, wakaeleza kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikiliwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mlaji faida ya kiafya. Angalia masharti yake: wawe hai, watoshe, na faida yao iwe imeoneshwa. Chupa yangu ya karoti inatimiza sharti la kwanza. La pili na la tatu siwezi kukuapia, kwa sababu kila chupa huchacha kwa namna yake, na anayekutajia idadi kwa kijiko bila maabara anakupamba. Mimi husema humusi yenye bakteria hai, basi.

Lakini wewe wa Mwanza kuniuliza mimi! Mjini kwenu, mwaka 2004, akina mama walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria anayejulikana kwa jina na namba, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Huo ndio mtindi wa kustahili lile neno. Ukiupata, tia vijiko vinne kwenye humusi iliyopoa, uniandikie imekuwaje.

*Mimi maziwa hayanikubali, hata chai nakunywa ya rangi. Nimekosa?*

Hujakosa. Acha labna, ongeza maji ya chupa ya karoti yawe vijiko vitatu vya kulia, na nyama ya karoti iwe kikombe kizima. Punguza chumvi kwingine kote. Kwa ulaini ongeza tahini kijiko kimoja. Achari ya ndimu ya bibi yako, ile iliyokaa juani, itie kwa ladha tu: chumvi yake ni nyingi mno hata bakteria wema wengi hawaiwezi.

*Nikila dengu tumbo linanguruma mpaka jirani anasikia. Je, humusi hii itanisaidia?*

Huyu ndiye jirani yangu wa ukuta mmoja, na kwa kweli nasikia.

Dengu zina sukari mbili, rafinozi na stakiozi, ambazo matumbo yetu hayana kimeng'enya cha kuzivunja. Zinateremka nzima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanazichachusha, na gesi ndiyo mshahara wao. Dawa ni kuzipunguza kabla hazijafika mdomoni. Hapo ndipo pale mahali pamoja ninapokubali dengu zichache: kabla ya moto. Zile dengu mbichi ziloweke saa 24 badala ya 12, na kwenye maji ya kulowekea tia vijiko viwili vya yale maji ya manjano ya mtindi niliyokuambieni msiyamwage. Maji yatatoa povu na harufu ya uchachu kidogo. Sukari hizo nyingine zitaliwa na bakteria, nyingine zitabaki kwenye maji, nawe utayamwaga yote, uzioshe mara mbili, uzichemshe mpaka ziive kabisa. Bakteria hao watakufa jikoni. Si kitu, kazi yao wameshamaliza, na walio hai watakuja baadaye na labna. Dengu mbichi au nusu mbichi usile kamwe hata zikiwa zimechacha vipi. Anza na vijiko viwili kwa siku, wiki ya pili upandishe, na dirisha la upande wangu ulifunge.

*Asalaam alaykum Mwalimu. Nipo Ruwi, hapa Maskati, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa heshima, humusi ya Waarabu haina mtindi wala karoti. Dengu, tahini, ndimu, thomu, chumvi. Ukitia mengine umeiharibu jina.*

Wa alaykum salaam kaka yangu wa Ruwi. Nakubali, tena bila kubishana. Humusi nilifundishwa na jirani yangu wa Maskati aliyetoka Homs, Syria, na siku niliyomwonesha kijiko cha labna juu ya humusi yake alikiondoa kimyakimya kama mtu anayetoa nzi. Najua pia kwamba mambo ya humusi yana wenyewe: mwaka 2010 wapishi wa Lebanon walitengeneza sinia moja la kilo 10,452, wakachagua namba hiyo kwa sababu nchi yao ina kilomita za mraba 10,452. Watu wa namna hiyo huendi kuwaambia habari za karoti.

Ila huyohuyo mama wa Homs, asubuhi ya Ijumaa, alikuwa akipika fatta: mikate mikavu chini, dengu za moto juu yake, kisha mtindi uliokorogwa na tahini na thomu, na samli ya moto juu. Dengu, tahini, mtindi. Nilipomwambia kwamba mimi nimeitoa mikate tu nikasaga kilichobaki, alicheka mpaka akakaa chini. Hakukubali, lakini alicheka. Wewe itengeneze bila karoti, mimi yangu nitaiita ya Tanga, na nitaichovya kwa mkate wa ufuta.

*Mwalimu, juu ya maji ya karoti pameingia kitu cheupe. Nitupe?*

Kikiwa ni utando mwembamba, bapa, mweupe kama wa uji uliopoa, ni hamira za porini. Uengue kwa kijiko, hakikisha karoti zimezama, uendelee, ingawa ladha itakuwa imeshuka kidogo. Kikiwa na manyoya, au kijani, cheusi, cha waridi, tupa chupa nzima pamoja na maji yake, usiokoe hata kipande cha chini. Karoti zikiwa na utelezi na harufu ya kuoza, tupa pia. Na kwa wote: usiwahi kutoa kile kitunguu saumu kwenye maji ya chumvi ukakihifadhi ndani ya mafuta juu ya kabati. Humo hamna hewa na uchachu ni mdogo, na botulizimu ndipo anapopapenda. Humusi yenyewe ikae friji, iliwe ndani ya siku nne, na umeme ukikatika kutwa nzima, siku hizo nne zimeisha.